Nani ana nguvu kuliko wote juu ya kibao?



Siku ya MUSO iliyopita, mwenzetu mmoja wa Kadutu alifika amechelewa, na uso wake haukuwa wa kawaida. Jioni ya jana yake, kijana wake wa miaka 13 aliingia nyumbani akiruka kwa furaha na kusema kwamba sasa yeye yuko ndani ya esheki. Kila mama aliyewahi kufungua buletini ya mtoto wake mwisho wa mwaka anajua neno hilo linavyochoma. Esheki ni kuanguka. Ni kurudia darasa, ni minervali ya mwaka mzima iliyokwenda na maji. Mama alikaa chini palepale, mwiko wa bugali mkononi, akauliza ni mwalimu gani na ni somo gani. Mtoto akashangaa: "Hapana, mama, si esheki ya masomo. Ni mchezo."

Tulicheka mpaka tukasahau kuhesabu pesa za sanduku. Lakini mwenzetu alipomaliza kucheka pamoja nasi, alisema jambo lisilochekesha. Mchezo wenyewe ni wa vita: kuna askari, farasi, minara na mfalme anayetafutwa. Kila jioni watoto wa parseli wanagombana juu ya swali moja, nani ana nguvu kuliko wote. Na binti yake wa miaka 10 hapewi nafasi. Kazi yake ni kupanga vifuniko, kisha anakaa pembeni kutazama kaka zake. Mama aliuliza: katika mji huu, ambako watoto wetu wamelala chini ya kitanda wakisikia bunduki za kweli, tunahitaji tena vita juu ya meza?

Hatukuwa na jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua mchezo ule. Basi tukakubaliana kufanya kama tunavyofanya kwa dawa mpya au sabuni mpya: kwanza kuona kwa macho. Jumamosi tatu, mchana baada ya soko, wachache wetu tulikwenda kukaa na watoto. Kuna mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, jirani yao, ndiye aliyewafundisha. Alitufundisha na sisi, kwa uvumilivu ambao hatukuutegemea kwa kijana.

Kibao chao ni karatoni ya maziwa iliyochorwa vyumba 64, nusu vimepakwa makala. Vipande ni vifuniko vya chupa, vilevile ambavyo wazee wanachezea dame barabarani, ila hivi vimeandikwa herufi kwa biki. Kila upande una vipande 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, minara miwili, farasi wawili, wale wawili wanaoitwa fu, na askari wadogo 8 mbele yao wote.

Hapo ugomvi unapoanzia. Wachezaji wa dunia nzima wamezoea kupa kila kipande bei, ili mtu ajue anapobadilishana kama amepata au ameibiwa. Haimo katika sheria za mchezo, ni desturi tu, kama bei ya sambaza sokoni. Askari mdogo ni 1. Farasi ni 3. Fu ni 3. Mnara ni 5. Malkia ni 9. Mfalme hana bei, maana akipotea mchezo umekwisha.

Kijana wa mwenzetu alisoma orodha hiyo na kwake kesi ilikuwa imefungwa: malkia ni 9, malkia ndiye mkubwa, basi. Mdogo wake alishikilia mnara. Mtoto wa jirani alisema farasi, na watoto wengine wakamcheka.

Sisi tulikuwa upande wa mnara, tunakiri. Mnara unakwenda moja kwa moja, mbele, nyuma na pembeni, mbali kadiri unavyotaka. Kibao kikiwa kitupu, popote unapouweka unaona vyumba 14. Ni kama Fuso yenye nguvu. Lakini waulize madereva wa mji wetu Fuso inafanya nini njia ikiwa imezibwa! Mwanzo wa mchezo mnara umefungiwa kwenye kona, nyuma ya askari wake mwenyewe, na unaweza kukaa pale nusu ya mchezo bila kumfaa mtu. Baadaye, vipande vingi vikishaondoka na njia ikifunguka, ndipo unakuwa bwana. Minara miwili pamoja inahesabiwa 10, na mara nyingi inamshinda malkia peke yake.

Farasi ndiye motari wa Kadutu. Anakwenda vyumba viwili kisha anakata kona kimoja, na ni yeye peke yake anayeruka juu ya wengine. Msongamano haumzuii, kwake ndiyo nyumbani. Ukimweka katikati ya kibao anafika vyumba 8, ukimsahau konani anafika 2 tu. Farasi ni yuleyule na bei ni ileile ya 3, ila mmoja ni askari na mwingine ni mapambo. Halafu kuna jambo lililotupendeza sana: farasi anaweza kumtisha malkia bila malkia kuweza kumgusa kutoka pale alipo. Mkubwa wa 9 anakimbia mbele ya mdogo wa 3. Mtoto wa jirani aliyechekwa alituonyesha mara mbili jinsi farasi wake anavyotisha mfalme na malkia kwa mguu mmoja; mfalme lazima akimbie, na malkia anabaki kuliwa.

Kuhusu yule fu tulikuwa na maswali mengi, kwa sababu kwa Kifaransa jina hilo ni mwenye wazimu. Mwanafunzi akatueleza kwamba wanaocheza kwa Kiingereza, kama majirani zetu wa Uganda, wanamwita askofu. Kwa hiyo kipande kilekile, ukivuka mpaka, kinapona wazimu na kupewa kofia ya uaskofu. Asili yake si hiki wala kile. Mchezo ulitoka India, ukapita Uajemi, Waarabu wakaubeba, na wao walimwita fil, yaani tembo. Wafaransa walisikia neno la kigeni wakalifanya fu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana jina lao la zamani kwa mchezo wote, sataranji. Na lile neno esheki lililomliza mwenzetu linatokana na shah, mfalme kwa Kiajemi. Kijana wake alikuwa akisema mfalme, mama akasikia kuanguka.

Fu anakwenda kwa mshazari tu. Akizaliwa katika chumba cheupe atakufa katika cheupe. Nusu ya kibao hataigusa maisha yake yote. Ndiyo maana peke yake ana upungufu, lakini wawili wakiwa pamoja kila mmoja anafunika upofu wa mwenzake.

Malkia naye ana historia ambayo kila mama angefaa kuijua. Zamani, kwa Waajemi na Waarabu, hapakuwa na mwanamke juu ya kibao. Kando ya mfalme alikaa waziri wake, kipande dhaifu kilichosogea chumba kimoja tu kwa mshazari. Huko Ulaya waziri aligeuka kuwa malkia, lakini udhaifu wake ukabaki uleule kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya 15 ndipo sheria ilipobadilika na malkia akapewa kwenda kama mnara na kama fu pamoja. Wakati huo Isabella alikuwa akitawala Castile, Uhispania, na wako wanaosema mabadiliko yalitokana na wamalkia wa namna yake. Sisi hatuwezi kuapa. Tunajua tu kwamba tulipowaambia watoto kuwa kipande chenye nguvu kuliko vyote ni mwanamke, na kwamba zamani alikuwa hoi, yule binti wa miaka 10 aliacha kupanga vifuniko na kusogea karibu.

Askari wadogo tuliwapuuza sisi pia. Mmoja wetu, ambaye miaka mingi alibeba mizigo mgongoni kutoka bandarini mpaka sokoni kwa kamba ya paji la uso, ndiye aliyewaangalia vizuri. Askari anakwenda mbele tu, chumba kimoja kimoja, kasoro hatua ya kwanza anayoruhusiwa viwili. Harudi nyuma. Anakula kwa mshazari mbele yake na si moja kwa moja, kwa hiyo wawili wanaokutana uso kwa uso wanakaa tu wakiangaliana. Bei yake ni 1, na watoto wanamtupa kama ganda la ndizi. Lakini akifika mstari wa mwisho wa adui, anageuka kuwa kipande kingine, na karibu kila mtu humfanya malkia. Farasi hawezi kugeuka. Mnara hauwezi. Mwenzetu yule aliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akasema kuanzia leo yeye ni wa askari wadogo, na akakataa kubadilishana hata mmoja. Alishindwa vibaya mchezo huo, kwa sababu alilinda wadogo wote na kumwacha mfalme. Anaendelea vilevile.

Jumamosi ya pili tuliomba binti acheze. Tuliomba, hatukuamuru, maana tulikuwa wageni pale. Kaka yake alikubali kwa kuinua mabega. Mchezo wa kwanza alimmaliza haraka. Wa pili pia. Katika wa tatu alimla vipande vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka binti akabaki na mfalme peke yake kwenye kona. Kaka alikuwa na mfalme na malkia. Bei ilikuwa 9 kwa sifuri. Akamsogeza malkia karibu kabisa, akakaa akicheka, akasema, "Haya, tembea."

Binti akaangalia kibao muda mrefu, akasema hawezi kutembea. Kila chumba kinachozunguka mfalme wake kilikuwa kimefungwa na malkia. Lakini mahali pale alipokaa, hakuna aliyekuwa akimtisha. Kaka akapiga kelele kwamba amekufa. Mwanafunzi akasema hapana. Sheria ni hii: mfalme asiyetishwa, na mwenye zamu akawa hana pa kwenda wala kipande kingine cha kusogeza, mchezo ni sare. Hakuna mshindi. Wanaita pati.

Wamama, mtoto yule alikasirika! Alisimama, akakipiga kibao kwa mkono, vifuniko vikatawanyika mpaka kwenye mfereji. Mama yake alitaka kumshika. Mwanafunzi akamwambia ngoja kidogo. Akamuuliza kijana, bila kupandisha sauti: malkia wako alikuwa na nguvu au hakuwa nayo? Kijana hakujibu siku ile. Siku ya Jumatatu, mama yake anatuambia, alikuwa amekaa nje peke yake na mfalme mmoja, malkia mmoja na mfalme wa upande wa pili, akijaribu kutafuta namna ya kumaliza kazi bila kumziba adui pumzi zote. Inahitaji mfalme wake mwenyewe atembee kuja kumsaidia malkia. Peke yake hawezi.

Hapo tulielewa kwamba orodha ile ya bei ni mwanzo tu. Nguvu inategemea kipande kimesimama wapi, nani yuko nyuma yake, na ni saa gani ya mchezo. Mfalme na mnara wanatosha kumaliza mfalme aliye peke yake. Mfalme na farasi hawatoshi, wala mfalme na fu, ingawa kila mmoja wao ana bei mara tatu ya askari. Mfalme na askari mmoja mdogo wakati mwingine wanatosha, yule mdogo akifikishwa.

Mwanafunzi alituambia kwamba ugomvi wa namna hii uko hata katika michezo mingine ya mezani. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Pale kila mchezaji anashika mtu mmoja wa hadithi, kwa wiki au kwa miezi, na kete ndizo zinazoamua pigo limepata au limekosa. Kitabu cha kwanza kilikuwa na aina tatu: mpiganaji, mtu wa miujiza, na kasisi. (Watoto walitaka kumwita wa pili mchawi. Tulikataa. Neno hilo katika jimbo letu limekwisha kuua wamama wazee, na halitachezewa mbele yetu.) Mpiganaji ana nguvu tangu siku ya kwanza. Mtu wa miujiza anaanza na jambo moja tu analoweza, akishalitumia amekwisha mpaka apumzike. Lakini akilindwa na kuishi muda mrefu, anampita mpiganaji mbali sana. Zaidi ya miaka 50 wachezaji wanabishana kama hiyo ni haki. Kasisi anaponya, na katika kanuni za mwanzo haruhusiwi kushika silaha yenye makali. Wengi hawapendi kuwa kasisi. Tulipouliza kundi lisilo na mponyaji linafika wapi, mwanafunzi alicheka tu. Mmoja wetu ni muuguzi wa kituo cha afya, na alicheka kuliko yeye.

Tulitaka kujua kama mchezo huu umewahi kumfikisha popote mtoto wa hali kama ya watoto wetu. Umefikisha, na si mbali. Katika Katwe, mtaa maskini wa Kampala, Robert Katende alianza kukusanya watoto kwa mpira, akaona wapo wasiopenda mpira, akawaletea kibao cha esheki na uji. Mwaka 2005 alifika pale msichana anayeitwa Phiona Mutesi, akimfuata kaka yake. Baba yao alikuwa amekufa, mama yao Harriet aliuza mahindi na mboga, na Phiona alikuwa nje ya shule kwa kukosa karo. Aliyemfundisha vipande mara ya kwanza alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye. Mwaka 2009 alikwenda Juba na wavulana wawili wa Katwe kwa mashindano ya watoto wa Afrika, wakashinda. Mwaka 2010 aliwakilisha Uganda katika Olimpiki ya esheki huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul alipata daraja la kimataifa la wanawake. Kitabu kiliandikwa juu yake, na mwaka 2016 ikatoka filamu ya Queen of Katwe, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama. Baadaye Phiona alikwenda kusoma chuo kikuu Marekani.

Tunamwandika hapa mama Harriet kwa makusudi. Mchezo ulikuwa wa mtoto, lakini ni yeye aliyekubali binti aende badala ya kuuza mahindi, na kila kilo isiyouzwa ilikuwa chakula cha usiku. Tunajua hesabu hiyo. Hatutamwambia mama yeyote kwamba ni rahisi.

Lile swali la kwanza, la vita juu ya meza, halijatuunganisha. Mmoja wetu bado hapendi. Alipendekeza askari waitwe wabeba mizigo na mfalme aitwe mzee wa kartie. Watoto walijaribu dakika tano wakaacha. Mwingine, ambaye kijana wake aliwahi kushawishiwa kuingia porini na kurudi, alisema hivi: "Mwanangu ameona wenye silaha wa kweli. Hawakungojea zamu ya mtu. Hapa hata mwenye malkia anasogeza mara moja, kisha anakaa na kungoja mwenzake afikiri." Hatukupiga kura. Tumeandika maoni yote mawili katika daftari.

Mwenzetu wa Kadutu amefanya sheria yake nyumbani: hakuna kibao kabla ya masomo, anayetawanya vifuniko anateka maji siku mbili, na binti anacheza zamu kama wengine. Mpaka leo hajamshinda kaka yake. Juzi alipoteza tena, ila safari hii kaka alitumia saa nzima.

Jumamosi ijayo, saa nane mchana, tutakuwa pale tena. Kama una karatoni ngumu, biki, au vifuniko vya rangi mbili, lete. Vifuniko vya upande wa giza havijatimia tangu siku ile ya mfereji: malkia wao hakuonekana, na mahali pake tumeweka kifuniko cha dawa ya meno. Watoto wanasema ana nguvu zilezile.